Binti Yangu Amefundishwa Kufunga Kitabu

Kwako Mwalimu Mkuu,

Mimi ni kinyozi wa hapo karibu na geti la shule yako, na ni baba wa yule msichana mrefu wa darasa la mtihani anayekaa dirishani. Natumaini hujambo na walimu wako wote hawajambo, isipokuwa yule wa Baiolojia, ambaye kwa kweli nisingesikitika akipata mafua kidogo.

Naandika kwa heshima zote kulalamika kwamba mwalimu huyo amemfundisha binti yangu namna ya kudurusu, na tangu hapo nyumba yangu haijatulia.

Zamani mwanangu alisoma kama watu wanavyosoma. Alikaa mezani, miguu kwenye beseni la maji baridi asije akasinzia, akapaka kila mstari rangi ya njano mpaka ukurasa mzima ukawa njano. Waliopita njiani walimwona wakasema yule atafika mbali. Ni kweli kwamba mtihani wa majaribio ulipokuja kichwa kilikuwa kitupu, akarudisha karatasi yenye jina lake tu, akaja nyumbani akajifungia chumbani na chakula hakukigusa. Lakini hakuna aliyethubutu kusema hakusoma. Alifeli kwa heshima. Ndipo mwalimu wako alipomwita pembeni, na yaliyofuata ni haya:

1. Anafunga kitabu. Mimi nilikinunua kifunguliwe. Sasa anasoma ukurasa mmoja, anakifunga, anakodolea ukuta macho huku midomo inamcheza. Mama yake alimkuta hivyo akashtuka, akamuuliza anaumwa wapi. Akajibiwa, "Siumwi, mama. Naangalia nimebaki na nini kichwani." Mama yake alimkorogea uji hata hivyo.

2. Anatundika makosa yake. Anajipa karatasi za mitihani iliyopita, anajisahihisha kwa kalamu nyekundu bila huruma, kisha anabandika maswali aliyokosa kwenye mlango wa jikoni. Katika ukoo wetu, kufeli tunakuficha. Kaka yangu alikuja kututembelea, akasoma ule mlango, akavua kofia na kutupa pole kama tumefiwa. Binti akamwambia, "Baba mkubwa, haya ndiyo nisiyoyajua. Ninayoyajua niyabandike ya nini?" Kaka yangu akairudisha kofia kichwani.

3. Analala. Anasoma kidogo, anainuka, anafagia uwanja, anarudi kusoma, na giza likiingia vizuri anazima taa. Jirani yetu, ambaye mtoto wake bado anakesha, ameniuliza kwa upole kama tumekata tamaa. Zamani macho ya mwanangu yalikuwa mekundu na watu walituhurumia. Siku hizi macho meupe, na huruma imekwisha.

4. Amemharibu bibi yake. Mwalimu alimwambia amweleze mtu mwingine alichosoma, naye akamchagua mama yangu, mzee aliyekuwa amejikalia zake kimya. Alimweleza safari ya damu mwilini. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa ikishafika kidoleni, njia ya kurudi inaijuaje?" Mtoto hakujua. Badala ya kumwambia bibi yake anyamaze, kama nilivyolelewa mimi, alirudi kitabuni akatafuta, akaja akaeleza upya. Tangu siku hiyo mama ana swali kila asubuhi, na chai hainywewi mezani mpaka lijibiwe.

5. Amefika dukani kwangu. Nilikuwa nimemnyoa mteja nusu ya kichwa, binti akaingia na somo la figo. Mteja angekimbilia wapi na nusu kichwa? Akasikiliza. Kisha akauliza. Kisha foleni nzima ikagawanyika, wengine wakasema figo moja inatosha, wengine wakakataa katakata. Nilizima mashine ili nisikilize, yaani, ili nilinde utulivu. Siku hizi watu wanakuja somo linapoanza. Yuko mzee mmoja mwenye upara unaong'aa ambaye hukaa kwenye foleni kila siku, na sijui nimnyoe nini.

6. Hili ndilo zito. Amefaulu. Mtihani wa majaribio wa pili umemtoa mkiani ukamweka miongoni mwa wale wanaoitwa mbele, na alipokuja kuniambia ikabidi niinamishe uso, nijifanye natafuta kitana. Mwalimu Mkuu, fikiria jambo hili likienea. Watoto wote watafaulu. Sisi wazazi tutamwambia nani "ungesoma ungekuwa mbali"? Tutamlinganisha nani na mtoto wa jirani, ikiwa mtoto wa jirani naye amelala na kufaulu?

Kwa hiyo naomba uchukue hatua. Vitabu vibaki wazi muda wote na nyuso ziwe za huzuni. Shule itoe mabeseni. Mwanafunzi atakayeonekana ameelewa kabla ya mtihani aitwe ofisini na mzazi wake, kwa sababu kuelewa, kama nilivyoona dukani kwangu, kunaambukiza.

Nisalimie makamu wako, mpishi, mlinzi wa getini na wanafunzi wote, hasa wale ambao bado wanasoma bila kuelewa. Waambie tuko pamoja.

Wako katika malezi,
Kinyozi wa karibu na geti

Nyongeza: Wiki ijayo nina mtihani wa leseni ya udereva, na alama za barabarani zinagoma kuniingia. Kama mwalimu wa Baiolojia atapata nafasi, naomba apite anielekeze. Binti yangu alishajitolea, lakini ananiuliza mbele ya wateja, na wateja wanajibu kabla yangu.