Kiti cha Kizunguzungu

Laini, kijana mwenye maneno ya kuteleza, alikikuta kile kiti siku aliyopanga chumba juu ya duka la dawa. Kiti cha ofisi, cha kuzunguka, kimeachwa na mpangaji aliyehama. Akakikalia, akausukuma ukuta kwa mguu, kikamzungusha mpaka dari ikawa sakafu.

"Kizunguzungu," akajisemea. Neno likamkaa mdomoni kama peremende. Kizungu... zungu... Mzungu!

Wiki haijaisha, kibao kikawa mlangoni: BADILI ASILI YAKO HAPA. HAKUNA MADHARA.

Usicheke. Watu walikuja, tena watu wazima wenye watoto. Na mwenye mtoto wa maneno matamu na amfuatilie mapema.

Siku hiyo aliyeingia alikuwa muuza nyama, bahasha imemvimba kifuani.

"Nataka Uzungu," akasema. "Nimechoka kusukumwa benki. Weupe wanaitwa mbele hata miwani ya jua hawajavua."

"Umefika, kaka. Mzungu ni nani? Mtu aliyezunguka! Babu zao walizunguka dunia mpaka rangi ikapauka. Wewe utazunguka hapa hapa, umekaa."

"Mbona wewe mweusi?"

Laini akashusha pumzi ya majonzi. "Nilizaliwa Mzungu. Jua likanionea, nikaomba nizungushwe kinyume."

"Pole sana," akasema muuza nyama, tena kwa moyo wote. Akaweka bahasha mezani, akapanda kitini. Akazungushwa mpaka uso ukawa kijivu.

"Unaona? Rangi inaanza kutoka!"

Hapo mlango ukafunguka. Akaingia mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye pua ya Laini.

"Mwanangu! Nimekutafuta mji mzima!"

Laini akaiangalia bahasha. Akamwangalia mama. Akairudia bahasha.

"Bibi, umekosea mlango. Mtu wa rangi yako atanizaaje mimi?"

"Mbona pua ni moja?" akauliza muuza nyama, akijishikilia asianguke.

"Pua zinafanana tu, kaka."

Mama akafikicha macho. "Samahani, baba, ni macho ya uzee. Namtafuta mwanangu. Kiwanja cha marehemu baba yake kimepata mnunuzi. Kama hayupo, basi pesa atachukua dada yake."

Akageuka aende.

"Mama!" Laini akaruka meza. "Ni mimi! Wa tumbo lako!"

"Mweusi?" akauliza mama.

"Mweusi tangu kuzaliwa! Sijazunguka popote!"

Muuza nyama akateremka kitini, akatapika kwenye ndoo ya takataka, akachukua bahasha yake. Kisha akajitwika kiti kichwani kuwa fidia, akashuka ngazi akigonga kuta zote mbili.

"Sasa mama," akasema Laini, akihema, "hicho kiwanja kiko wapi?"

"Kiwanja gani? Baba yako hakuacha kitu ila kikohozi, nacho alikwenda nacho."

"Umenitapeli! Mama yangu mzazi!"

"Nilitaka tu kujua unarudi kuwa mwanangu kwa bei gani. Nimejua."

Akatoka, akaufunga mlango polepole, kwa adabu, kama mtu anayetoka chumbani kwa asiyemfahamu.