Namba za Ubaoni kwa Neema

Jamani, leo nimedhalilika mbele ya Kisesa nzima, na mama mkwe akiwa mstari wa mbele.

Naandika nimekaa nyuma ya karakana kwa sababu mbele hakukaliki. Watu wanapita taratibu, wanachungulia, wanaendelea na safari wakiwa wameshika midomo. Kesho mtasimuliwa na wengine wataongeza chumvi, kwa hiyo bora mnisikie mwenyewe.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni fundi friji. Sinywi, sivuti, na kamari sichezi. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwaambia watu, "Sichezi. Nafanya utafiti." (Chekeni hapa hapa mmalize. Mbele kuna makubwa zaidi.)

Utafiti wenyewe ni huu. Mkabala na karakana yangu kuna kibanda cha dada mmoja anaitwa Neema. Anauza vocha, soda na tiketi za bahati nasibu. Nje ameegemeza ubao mweusi, na kila siku, droo ya saa saba mchana ikishapita, anatoka na chaki anaandika namba tano zilizoshinda. Siku moja nikazinakili, basi tu, mkono ulikuwa hauna kazi. Kesho yake nikazinakili tena. Baadaye nikanunua daftari, lile kubwa la kaunta. Sasa niko daftari la tatu.

Na namba zilikuwa zinaongea, ndugu zangu! Saba na kumi na tisa zinapenda kutoka pamoja. Thelathini na nne kila Ijumaa ipo. Ishirini na tatu ndiyo ilininyima raha: inatoka wiki nzima, inapotea siku tano au sita, halafu inarudi mfululizo kama mtu aliyekuwa safarini. Nikachora majedwali. Kalamu nyekundu kwa namba zilizochelewa, ya bluu kwa zilizochoka. (Ndiyo, niliamini namba inachoka.)

Mwezi uliopita nikaanza kutabiri kwenye karatasi, bila kutoa hata senti. Asubuhi naandika, mchana natazama ubao. Nikapata mbili. Nikapata tatu. Wiki iliyopita nikapata nne kati ya tano. Mara mbili!

Nikampelekea daftari mke wangu, Mama Shija. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Baba Shija, kile kimpira ndani ya mashine kinajuaje kwamba jana hakikutoka?"

"Siyo suala la kujua. Ni mwenendo."

"Mwenendo wa kimpira?"

"Wa takwimu."

"Haya," akasema, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.

Ile "haya" ilinikaa kifuani kama mwiba wa sato. Nikaapa nitamwonyesha.

Sasa hapa ndipo penye uchungu. Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi Bujora. Upepo uliezua nusu ya nyumba yake, na nusu iliyobaki inavuja. Akauza mtamba wake, ng'ombe aliyemlea tangu ndama, pesa akanitumia mimi nimnunulie bati hapa Kisesa. Si mtoto wake wa kiume. Mimi. Alimwambia binti yake, "Baba Shija anajua vitu vya chuma, hawatampunja." Leo mchana alikuwa anakuja na guta la kukodi, pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, kuzibeba.

Asubuhi nikafungua daftari, nikaganda. Ilikuwa Ijumaa. Ishirini na tatu ilikuwa imepotea siku sita kamili. Saba na kumi na tisa zilikuwa hazijakutana tangu Jumatatu. Ukichanganya na kumi na mbili, ambayo haikosekani kwa muda mrefu, siku ilikuwa imenyooka kama rula. Nikajiambia: mama ameomba bati ishirini. Kwa nini asipate nyumba nzima, na choo cha ndani?

Nikachukua simu yangu ya vitufe, nikanunua tiketi thelathini za dau kubwa. Zote namba zile zile, chache nikizibadilisha moja moja kwa tahadhari. (Nilibakiza pesa ya misumari. Mimi si mtu wa kukurupuka.) Kwa Neema sikununua. Sikutaka siri yangu ivuje.

Saa sita na nusu guta likasimama mbele ya karakana. Mama mkwe akashuka, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Bati ziko wapi?"

"Zinakuja, mama. Tena nyingi kuliko ulizoagiza."

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na aibu ndogo ya kawaida. Lakini Mama Shija alikuwa amekuja kumpokea mama yake, amemwekea kiti, na alikuwa ananitazama kwa jicho la "haya". Nikalileta daftari. Nikaeleza kila kitu: nyekundu, bluu, zilizochelewa, zilizochoka. Mabula, kinyozi wa jirani, akaacha mteja amenyolewa nusu kichwa wakaja wote wawili. Wauza nyanya wakasogea. Dereva wa guta akazima injini. Nilikuwa naongea kama mkaguzi wa elimu.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Kwa hiyo mtamba wangu sasa hivi yuko ndani ya simu?"

"Kwa muda tu, mama."

Mama Shija alisimama. Akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Saa saba na robo, Neema akatoka na chaki yake.

Nikawaambia watu kimya. Akafuta za jana kwa kanga. Akaandika 7. Nikawageukia wote, nikanyoosha kidole kwenye daftari. Akaandika 12. Mabula akasema, "Ebwana!" Akaandika 19. Watu wakaanza kunisogelea mimi badala ya ubao. Neema akasita kidogo, akatabasamu peke yake, akaandika 23. Akamalizia 34, akapangusa mikono, akarudi ndani.

Tano kati ya tano!

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika Magu. Na hapo, jamani, sijui ni shetani gani. Mnajua kwetu mkwe na mama mkwe hawagusani ovyo. Hata mkono unampa ukitazama chini. Mimi nilimkumbatia. Nikamnyanyua juu. Nikazunguka naye! Kiatu chake kimoja kikarukia mtaroni.

"Mayu wane!" alisema mama mkwe, akimwita mama yake kwa Kisukuma, akiwa hewani.

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Ikatulia. Ikatetemeka tena. Na tena.

"Hela zinaingia!" nikapaza sauti. "Mama Shija, itoe simu mfukoni, wasomee watu!"

Akaitoa. Akasoma kwa sauti yake ile ya kusoma masomo kanisani.

"Pole. Tiketi yako haijashinda. Jaribu tena."

"Hiyo ni mojawapo ya zile za tahadhari. Soma nyingine."

"Pole. Tiketi yako haijashinda. Jaribu tena."

"Nyingine!"

Alisoma tisa. Hakuruka hata neno. Kwenye ya tisa ndipo nikagundua kwamba bado nimemnyanyua mama yake.

Nikamshusha taratibu. Mabula alikuwa ameshafungua simu yake kubwa, anatazama matokeo yenyewe kule yanakotangazwa. Akazitaja namba. Hakuna saba. Hakuna ishirini na tatu. Katika zangu zote, hakuna hata moja.

Nikavuka kwenda kibandani, umati mzima nyuma yangu.

"Neema! Ubao unasema hivi, simu zinasema vile! Nani mwongo?"

Neema akatutazama mmoja mmoja. Nadhani alifikiri amefiwa.

"Fundi, kwani wewe ulikuwa unausoma ule ubao?"

"Miaka miwili!"

Akashika kichwa. "Jamani mimi nilijua hakuna anayeusoma. Waliocheza wanaletewa meseji. Bosi ndiye alitaka kila siku ubao uwe umeandikwa, akipita aone kibanda kiko hai. Mwanzoni nilikuwa natafuta za kweli. Bando likawa linaisha, nikaona isiwe taabu. Naandika tu zinazonijia."

"Zinazokujia?"

"Saba na kumi na tisa ni tarehe walizozaliwa wanangu. Thelathini na nne ni namba yangu ya kikoba, kile chama chetu cha kuweka akiba, na tunakutana Ijumaa, ndiyo inakuwa kichwani. Kumi na mbili inakaa vizuri kwa chaki."

Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Na ishirini na tatu?"

Neema akatazama chini. "Siku niliyofunga ndoa. Nikigombana na Baba Imani siiandiki. Jana usiku tumepatana."

Kisesa ilicheka. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mteja wa Mabula, yule mwenye nusu kichwa, alikaa chini kabisa. Miaka miwili, madaftari matatu, kalamu za rangi mbili, na nilichokuwa nakitabiri si bahati nasibu. Nilikuwa namtabiri Neema. Tena nilikuwa nampatia sana! Ndoa yake naijua kuliko yangu.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Wala hakulia, na hilo ndilo linaloniua. Dereva wa guta alimtolea kiatu mtaroni, akakipangusa, mama akakivaa. Kisha akaniita.

"Baba."

"Naam, mama."

"Mvua zikianza nahamia kwako. Nitalala na binti yangu chumbani. Wewe utajua pa kulala."

Akapanda kwenye guta lililokuja tupu. Akakaa nyuma pale palipotakiwa kukaa bati, mgongo wake kwangu. Mama Shija akapanda kando ya mama yake. Nikamuuliza anarudi lini. Akasema, "Angalia kwenye daftari."

Wakaondoka kuelekea Bujora, na mimi nikabaki nimesimama barabarani na madaftari yangu, malori ya pamba yakinipigia honi.

Nimeshawapigia simu watu wawili kuhusu pikipiki yangu. Ikiuzika wiki hii, bati zinapatikana, labda si zote. Nitazipeleka mwenyewe, na nitapanda juu kuzipigilia mwenyewe, hata kama mama hatatoka nje kunitazama.

Lakini siwezi kumaliza bila kuwaambia lililotokea sasa hivi, nusu saa iliyopita. Mabula na yule mteja wake (kaja kumalizia kichwa) wamenifuata hapa nyuma. Wakatazama huku na huku. Mabula akasema kwa kunong'ona, "Fundi, lakini hesabu zako zilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa ubao tu. Sasa tukikutafutia matokeo ya kweli, ya miaka mitatu nyuma..."

Ningewafukuza. Mtu mwenye akili angewafukuza. Mimi moyo uliruka, nikawauliza, "Miaka mitatu yote?"

Kwa hiyo chekeni, ruhusa mnayo. Ila yeyote humu mwenye matokeo ya zamani kwenye simu yake, namwomba kwa heshima zote: asinitumie.