Kitovu Kiko Chini ya Kabati

Jumatatu, 3 Machi
Saa mbili asubuhi, napigilia msumari nitundike picha yangu ya harusi, ile ya fremu ya chuma. Pigo la tano, kraa! Ufa, dari hadi sakafu. Lahaula! Nyumba ya baba mkwe hii, tunakaa bure, na alishaapa kwamba nikiharibu kitu kingine nifungashe virago. Nimeng'oa msumari, nikasukuma kabati mbele. Kabati fupi.

Jumanne, 4 Machi
Baba mkwe kauona. Nikasema bila kupepesa: tetemeko la ardhi, jana! Akasema jana alikuwa kwenye basi, hakuhisi kitu. Kanipa hadi Alhamisi nithibitishe, la sivyo nje.

Jumatano, 5 Machi
Nimekimeza kitabu cha jiografia cha binti yangu. Kumbe rahisi! Gamba la dunia ni mabamba makubwa. Yanasukumana, yanakwama weee, siku yakiteleza ghafla mawimbi yanasambaa miambani, ardhi inatikisika. Kule chini yanakoanzia ni kiini. Juu yake, usoni mwa ardhi, ni kitovu. Nikamwonyesha baba mkwe kwa viganja: kusukuma, kukwama, kuteleza. Chai yake ikamwagika. Ameguswa sana.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi mwashi, akauliza mbona mtaa mzima umepasuka ukuta mmoja, tena wenye tundu la msumari. Nikamjibu kitovu kiko chini ya kabati. Akacheka mpaka akakaa chini. Wivu tu!

Alhamisi, 6 Machi
Virago tayari mlangoni. Saa saba mchana, redio: Jumatatu, saa mbili asubuhi, tetemeko la ukubwa wa tano! Kitovu kilomita mia mbili kutoka hapa, na huku wengi hawakulihisi. Hata mimi sikulihisi, nilikuwa nagonga! Nimesema kweli bila kujua!

Baba mkwe kaniomba radhi mbele ya wote. Ananiita mwalimu! Shemeji akaanza kunung'unika habari za kabati na kilomita mia mbili. Akaambiwa anyamaze, akoroge saruji. Kaziba ufa bure. Mimi nimesimamia, mikono kiunoni. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Machi
Ukuta umekauka, safi kabisa. Mke wangu anasihi picha tuiegemeze tu juu ya kabati. Mtaalamu kama mimi? Nimeazima nyundo ya shemeji mwenyewe, na msumari wa inchi sita. Siogopi kitu. Kitabu kinasema tetemeko kubwa likipita, madogo hulifuata kwa siku kadhaa. Nimeshamtahadharisha baba mkwe: moja linakuja leo, saa nne kamili.