Sauti Yangu Kuhesabiwa Kelele

Rwezamenyo, Kigali

Kwa Mhandisi Rwema, mtoto wa dada yangu

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu, nakuandikia rasmi kwa sababu nikikupigia simu unacheka. Ni kuhusu kifaa cha masikio ulichomtengenezea mke wangu Umuhoza, na ule mchujo wa sauti uliomo ndani yake. Wateja wote wanaokuja kwetu kushonewa anawasikia. Mimi hanisikii.

1. Ulisema mchujo utajifunza wenyewe kwa takwimu: sauti inayoendelea kutwa nzima ni kelele, ikatwe, inayokuja mara moja moja ni habari, ipite. Nakubali cherehani ni kelele. Lakini mimi huongea nikishona, na hesabu zako zimetutia kapu moja.

2. Mbuzi wa jirani anasikika, kwa kuwa analia kwa nadra. Hivi mbuzi amenizidi nini, Rwema?

3. Nilijaribu kufuata kanuni zako. Nilinyamaza asubuhi yote ili na mimi niwe nadra. Umuhoza akadhani naumwa, akaita majirani. Nikaanza kuwaeleza kwamba mimi ni mzima. Kabla sijamaliza, nikawa nimeshakatwa tena.

4. Jumapili niliongea kwa sauti nyembamba. Alinisikia vizuri mno. Kwa kuwa alikuwa amenipa mgongo, akadhani ni mteja, akasema karibu mama, keti, fundi anakuja.

Inaniuma, sikufichi. Mambo yangu yote nimezoea kumwambia yeye.

Naomba basi uje uchukue sampuli mpya, na safari hii uniweke upande wa habari. Ukitaka ushahidi, nitaleta watu wawili wa umudugudu wetu, majirani wa mtaa huu, wathibitishe kwamba nikiongea huwa nasema kitu. Wa kwanza nimempata. Wa pili bado natafuta.

Nisalimie mama yako, watoto, na wenzako wote huko ofisini Kacyiru, hata yule aliyeandika hizo hesabu.

Mjomba wako mwenye masikitiko,
Ismaël, fundi cherehani

Nyongeza: Nikiwa nakunja barua hii, Umuhoza amekuja, amevua kifaa, amesimamisha cherehani, ameketi mbele yangu na kunitazama mdomoni. Anataka nimwambie yote aliyoyakosa tangu mwezi uliopita. Nimefikiri sana. Nimemwambia uzi mweusi umekwisha. Amenijibu ameshanunua. Tafadhali, mchujo usiuguse.