Tua Mzigo

Jumatatu, 4 Agosti
Leo nimetua kwenye sayari! Chombo kilipinduka, ndiyo, lakini kilipinduka palepale kwenye sayari. Kutua ni kutua. Shemeji, mdogo wake mke wangu, mwenye chumba cha michezo ya kompyuta hapa mtaani, katangaza kuwa Alhamisi atachagua rubani wa timu yetu ya mashindano ya Jumamosi. Tumebaki wawili: mimi, fundi friji, na Kinyozi. Atakayeshindwa atakuwa utingo wa chombo, kazi yake kupakia na kupakua. Mimi, utingo wa Kinyozi! Afadhali nimeze bisibisi.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango umeiva. Nimekwenda kunyolewa, nikamnong'oneza Kinyozi kwamba siri ya kutua sayari nyekundu ni kwenda kasi na kutogusa breki mpaka uone vumbi. Akanishukuru sana. Kameza chambo na ndoana! Nywele kanikata upogo, lakini nimemsamehe. Mshindi lazima awe na huruma.

Jumatano, 6 Agosti
Kinyozi kafanya mazoezi. Kapunguza mwendo tangu huko juu, katua bila kutimua hata vumbi. Nikamuuliza mbona hakufuata ushauri. Eti, kaka, wewe nakujua, ukiniambia kulia mimi naenda kushoto. Roho imeniuma. Uaminifu umekwisha duniani!

Mke wangu kauliza kama nimesoma maelekezo ya mchezo. Nikamjibu kuwa rubani hasomi, rubani anahisi. Kacheka mpaka akashika ukuta.

Alhamisi, 7 Agosti
Chumba kilifurika. Kila rubani alipewa chombo chenye matangi ya maji, ayafikishe kwa wakazi wa sayari nyekundu. Kinyozi akatua salama. Zamu yangu. Mwendo mzuri, chombo kimenyooka, hata mke wangu alipiga makofi. Sasa, mchezo huu ni wa Kiswahili, na kwenye kioo kuna vitufe viwili: TUA, na TUA MZIGO. Nikafikiri kifundi. TUA ni ya chombo kitupu. Mimi nina mzigo. Nikabonyeza TUA MZIGO.

Tumbo la chombo likafunguka. Matangi yote yakatuliwa, kutoka mawinguni, juu ya mapaa ya wakazi. Chombo, kwa wepesi wa ghafla, kikaruka juu na kupotelea angani.

Shemeji alinieleza polepole kwamba kutua mzigo ni kuushusha, shemeji yangu, kama mtu anavyotua gunia. Watu walicheka hadi machozi. Nimeaibika, nasema kweli.

Ijumaa, 8 Agosti
Mimi ni utingo. Kinyozi kaniachia kitufe kimoja tu, TUA MZIGO, na kunisihi nisikiguse mpaka chombo kisimame chini. Nimeitikia kwa adabu zote.

Ila nimetafakari, na kosa la jana nimeligundua: nilichelewa kubonyeza. Kesho nitabonyeza mapema, tukiwa bado juu kabisa, matangi yapate nafasi ya kushuka taratibu. Ushindi ni wetu! Kinyozi simwambii. Yule ukimwambia kulia, anaenda kushoto.