Asilimia Mia ya Kijani

Inatangazwa kwa umma wote wa Jiji la Quezon, na kwa yeyote mwenye mafaili mawili asiyejua lipi ni lipi, kwamba Idara ya Ulinganifu wa Nyaraka imefaulu kwa asilimia mia moja. Tangazo hili nililiandika mwenyewe, mimi Mkurugenzi Wenceslao Tiongco, nikalitundika langoni kwenye turubai la mita sita. Mita nne kati ya hizo zilikuwa sura yangu.

Kilichofaulu ni Linganisha. Hii ni programu isiyo na picha wala vitufe: unaiandikia amri kwenye dirisha jeusi, unaitajia mafaili mawili, nayo inakuambia yametofautiana mstari gani. Kila asubuhi saa mbili, majaribio mia nne na kumi na mawili yalijiendesha yenyewe kuipima. Kila jaribio lilikuwa na jibu tarajiwa, lililoandaliwa na Rhodora Magsino, mpimaji wetu wa mkataba wa miezi sita sita. Jibu la programu likifanana na lake, kijani. Lisipofanana, nyekundu.

Mwezi wa tano Waziri akatangaza ziara. Programu ilikuwa inajikokota, nami sikutaka mgeni asinzie. Nikaagiza isome mistari arobaini ya kwanza tu, iachane na porojo za chini. Kesho yake skrini ya ukutani iliwaka nyekundu mia tatu themanini na tisa.

Rhodora akaja mezani kwangu.

"Bosi, hii kitu tumeiua. Mistari arobaini ya kwanza ya nyaraka zetu ni nembo, dira, dhamira na majina ya wakubwa. Sasa kwake barua zote za serikali ni barua moja."

"Huo ndio umoja wa kitaifa."

"Usinichekeshe, Bosi. Nimekuja na hasira zangu."

Nikatoa Waraka Namba Saba. Ulisema kwamba jibu tarajiwa likitofautiana na jibu lililotoka, lililokosea ni jibu tarajiwa. Liondolewe, na lililotoka liwekwe mahali pake.

"Yaani programu ijisahihishie mtihani?" Rhodora akauliza. "Hiyo si kesi ya nyani, hakimu ngedere?"

"Mkataba wako unaisha lini?"

"Tarehe thelathini mwezi wa sita. Na unajua mama yangu anasafishwa damu mara mbili kwa wiki."

"Basi jifunze kupenda kijani."

Hakujifunza. Waraka niliutekeleza kwa mkono wangu, skrini ikawa kijani tupu, nikasaini cheti cha asilimia mia, na jina lake nikaliondoa kwenye orodha mpya ya mikataba. Alipopita koridoni nilijifanya natafuta kalamu. Ilikuwa mfukoni, na aibu niliiona.

Ziara ilifana. Padri akainyunyizia kompyuta maji ya baraka, kwa kiasi, kama mafundi walivyomsihi. Utepe ukakatwa, tambi zikaliwa. Waziri akaomba tulinganishe hotuba zangu mbili, ya mwaka jana na ya mwaka huu. Linganisha ikajibu: hakuna tofauti. Waziri akasema amekuwa akihisi hivyo siku nyingi. Papo hapo akaagiza ofisi zote ziitumie, na mimi nipandishwe cheo niwe Naibu Waziri.

Wiki tatu baadaye Dawati la Vyeo, linalopitisha mikataba na vyeo vyote, likanirudishia karatasi mbili siku moja. Ya kwanza: orodha mpya ya mikataba haina tofauti na ya zamani, hivyo ya zamani iendelee. Rhodora alikuwa amebaki kazini bila kuniomba. Ya pili: hati yangu ya Naibu Waziri haina tofauti na hati yangu ya Mkurugenzi, mwombaji anaomba cheo alicho nacho.

Nikapiga simu. "Hamna macho nyie?"

"Macho tunayo, Bosi," karani akasema. "Ila mashine ina cheti cha asilimia mia, na sahihi ni ya kwako. Ukitaka kubisha, lete ripoti nyekundu."

Duniani alikuwapo mtu mmoja aliyehifadhi majibu ya zamani. Nilimkuta anakula wali na samaki mkavu.

"Tuelewane, Bosi," Rhodora akasema. "Nikionyesha kwamba imeharibika, wewe unapanda, na orodha yako mpya inanitoa mimi."

"Jina lako nitalirudisha."

"Lini?"

Nikatafuta kalamu.

Akanawa mikono. "Nitapima. Si kwa ajili yako. Mimi nyekundu siwezi kuiita kijani, hata kwa njaa. Mama atanigombeza, halafu atanielewa."

Saa kumi ripoti ilikuwa mezani. Niliona nembo, dira, dhamira na jina langu, vyote viko sawa. Nikasaini.

Kurasa za ndani zilisomwa na Dawati la Vyeo. Rhodora alikuwa ameeleza nani aliagiza mistari arobaini, nani aliyatupa majibu, na Waraka Namba Saba ulikuwa umeambatanishwa. Wakarekebisha programu, wakalinganisha cheti changu na ripoti hiyo, na safari hii tofauti zikaonekana, zimehesabiwa moja moja. Unaibu ukafutwa, na ukurugenzi ukaufuata. Orodha niliyoisaini ikatupwa, na Rhodora akaajiriwa moja kwa moja, mkuu wa upimaji. Mimi nikawekwa chini yake, niandike majibu tarajiwa.

Jumatatu, baada ya kupandisha bendera, nilimpelekea la kwanza. Akalisoma mpaka chini.

"Umekosea mstari wa tatu, Bosi."

Nikamweleza kwa upole kwamba mstari uko sahihi, mafaili ndiyo yaliyokosea.

"Kaandike upya," akasema. "Chakula tutakusubiri."

Nikageuka. Kwenye skrini ya ukutani, mbele ya idara nzima, kulikuwa na kijani mia nne na kumi na moja, na nyekundu moja yenye jina langu.