Chumba cha Otis na Mafundi wa Uswidi

Warrick Tunney alikuwa ameinama juu ya takataka za watu, akivuta mguu wa kiti, pale aliposikia bahati yake ikilalamika kwa sauti ya juu.

Ilikuwa wiki ya taka kubwa. Perth nzima, kule Australia, inaijua wiki hiyo: kila nyumba inatoa kwenye nyasi za ukingoni, mbele ya barabara, vile vitu vyote ilivyovichoka, na malori ya halmashauri yanakuja kuvizoa. Lakini kabla ya malori hupita watu wenye pikapu, polepole kama wako msibani, wakichagua. Hakuna anayebisha hodi wala kuomba ruhusa. Kilicho ukingoni ni cha mwenye macho. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na ndiyo maana inaheshimiwa. Warrick aliishi kwa sheria hiyo, na kwa ulimi wake.

"Dinosaria hataki! Roketi hataki!" Mama mmoja kijana alikuwa akizunguka bustani yake na simu sikioni. "Otis wangu ana miaka minne tu, Saskia, na ananiambia anataka chumba cha lori la taka! Wewe wa kwako ana msitu, ana kasuku ukutani, watu wanakuja kupiga picha. Mimi nitawaonyesha watu nini? Jaa?"

Warrick aliuachia ule mguu wa kiti, akajifuta mikono, akavaa miwani. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Miwani ilikuwa ya kazi.

"Samahani, dada yangu. Sikukusudia kusikia. Umesema lori la taka?"

Yule mama, Pip Garside, alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe ni nani?"

"Warrick. Mbunifu wa vyumba vya watoto. Hapa nilikuwa natafiti tu." Akaliangalia lile rundo la taka kwa huruma ya kisomi. "Mwanao ana kipaji, dada. Huko Uswidi watoto wote wa maprofesa wanalala kwenye malori ya taka. Msitu? Msitu waliacha zamani."

"Waliacha?"

"Msitu siku hizi ni wa watu wa kawaida."

Hapo Pip alikuwa ameshakwisha. Wahenga walisema wajinga ndio waliwao, ila hawakutaja kwamba wengine hujitia chumvi wenyewe na kuruka sahanini. Akauliza Saskia anaweza kuona lini. Warrick akasema fanicha zitatoka Uswidi, zimechongwa na mafundi ambao, kwa bahati mbaya, hawapendi benki. Malipo ni mkononi, ndani ya bahasha, siku ya kukabidhi.

Uswidi yenyewe ilikuwa mitaa miwili tu ya jirani na pale. Warrick alizunguka na pikapu yake na trela nyuma, akaokota kitanda cha mtu huku, rafu ya vitabu kule, na kwenye mtaa mmoja wa nyuma akapata kabati la droo, zee lakini la mbao nzito. Akapiga msasa, akapaka rangi. Droo zikawa na vifuniko vyekundu, vya njano na vya kijani, sawasawa na mapipa ya taka ya magurudumu yanayopangwa barabarani kila wiki. Kitanda akakitengenezea pua ya lori na usukani. Tuseme ukweli, hata kama unauma: kazi ilikuwa nzuri. Tapeli huyu angeweza kuwa fundi, kama si ule uvivu wa kusema kweli.

Mikono ile aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza mbao za kuteleza mawimbini. Mzee alimwachia ubao mmoja, mrefu, wa rangi ya asali, aliouchonga mwaka Warrick alipozaliwa. Warrick alishauza saa ya mzee, nyumba ya mzee, na mara moja hata mbwa wa jirani. Ubao huo hakuuza. Ulilala ndani ya trela chini ya turubai, na kila asubuhi aliingia nao baharini kabla hajaanza kudanganya watu. Alimpenda baba yake, na ule ubao ndio uliobaki.

Kabati lilitangulia kufika. Pip alilipapasa kama farasi wa mashindano. Mlangoni alisimama mama mkwe wake, Noreen, anayeishi kwenye kibanda cha uani, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, angalia! Hivi ndivyo vitu. Si kama lile lidude lako nililokwambia ulitupe."

"Naona," alisema Noreen. Akavuta droo ya chini, akaigeuza. Nyuma yake palikuwa pamechongwa kwa kisu, kwa herufi zilizopinda: HAMISH.

Warrick alisogeza miwani puani. "Ah. Hiyo ni saini ya fundi. Bwana Hamish, wa Stockholm."

"Jamani!" Pip alishika kifua. "Kama mume wangu!"

"Ndiyo maana nilipoliona tu, nikajua ni la nyumba hii."

Noreen aliitazama ile saini, ambayo mwanawe Hamish alichapwa kwa ajili yake akiwa na miaka sita. Nyumba yao ilikuwa ya kona, na ubavu wake ulitazama mtaa wa nyuma. Kabati lake alilisukuma mwenyewe hadi ukingo wa mtaa huo, kwa amri ya mkwe, jambo lililomuuma sana. Sasa limerudi kwa heshima zote.

"Hongera, mwanangu," alimwambia Warrick. "Huko Uswidi ni mbali?"

"Mbali sana, mama."

"Pole na safari." Akanywa chai yake.

Siku ya kukabidhi, kitanda kilikuwa kimesukumwa ndani kabisa ya trela, na mbele yake maisha yote ya Warrick: ngazi, boksi la barafu, hema, ubao. Ilibidi vitoke kwanza.

"Viweke hapo kwenye nyasi, mwanangu," alisema Noreen, aliyetokea na kofia ya jua. "Mimi nipo, naangalia."

Kwa nini Warrick, mtu aliyekula ukingoni miaka yote hiyo, alikubali? Kwa sababu ndani Saskia alishafika na wenzake na simu zao, na jina lake lilikuwa likiitwa. Sifa humpofusha hata mwenye miwani ya kazi.

Kitanda kiliingia. Otis alipanda, akashika usukani, akanguruma, akagoma kushuka. Wanawake walipiga kelele. Saskia aliuliza, kwa uso uliokunjamana, kama mafundi wana nafasi. Bahasha ikaingia mfukoni. Zikaja keki za nazi, na Warrick akaeleza habari za majira ya baridi ya Stockholm, mji ambao hajawahi kuukaribia.

Alipotoka nje, nyasi zilikuwa nyasi tu.

"Mama! Vitu vyangu viko wapi?"

"Watu wa pikapu wamepita." Noreen alikuwa amekaa kwenye kiti cha bustani. "Wastaarabu sana. Mmoja ameondoka na ngazi, mwingine hema."

"Si ulisema unaangalia?"

"Nimeangalia. Nimeona vyote vikienda."

"Huo ni wizi! Mtu hawezi kuchukua tu vitu vya mwenzake!"

"Vilikuwa ukingoni, mwanangu," alisema Noreen kwa upole. "Au sheria imebadilika?"

Warrick hakujali ngazi. Alikaa chini kwenye zile nyasi, akavua miwani. "Ule ubao," alisema, na kwa mara ya kwanza mwezi huo alikuwa akisema kweli. "Ule ubao aliuchonga baba yangu."

Noreen aliinuka kitini. Kisha akamwongoza hadi kibandani kwake. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umefutwa mchanga.

"Nimeuokota mimi," alisema. "Kitu adimu sana. Umetoka Uswidi."

"Mama, tafadhali."

"Umechongwa na fundi mkubwa. Na mafundi wangu, bahati mbaya, hawapendi benki." Akanyoosha kiganja.

Mkuki kwa nguruwe. Warrick aliitoa bahasha, akaishika kidogo upande wake, akaiachia.

"Utamwambia Pip?"

"Nimwambie nini? Otis ana kitanda chake, mimi nina kabati langu ndani ya nyumba kubwa, na yeye analifuta vumbi kila asubuhi. Sijawahi kuwa na furaha hivi tangu Hamish aoe. Nenda salama, mwanangu. Una mikono mizuri."

Trela lilikuwa tupu kabisa, na Warrick hakutaka kuuweka ubao mle, hata chini ya turubai. Alisimama nao ukingoni, mikono miwili kifuani, akifikiria ataukalisha vipi kwenye kiti cha mbele. Pikapu moja ikaja polepole, ikapunguza mwendo, ikasimama. Dereva akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Kaka," aliuliza, "huo ubao unautupa?"